Gombana na sabufa, mziki uache ukue

SEHEMU YA 1: Leo tugombane kidogo

Mama zangu wa Buza, Mbagala, Tandika, Tandale, Manzese na Mwananyamala, na wenzangu wa rika langu. Mmezoea nikiandika ni homa, chanjo, kunyonyesha na uzito wa mtoto. Wiki hii naandika kuhusu mziki. Naandika kama shabiki wa singeli, na naandika kama nesi, maana kwangu hivi viwili vinakaa nyumba moja na havijawahi kugombana.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeutaka apite. Singeli ya sasa hivi imenoga kuliko ile ya miaka kumi iliyopita. Itaendelea kubadilika. Na huko kubadilika kwake hakumdhuru mwanao hata chembe. Kinachomdhuru ni ukubwa wa sauti na saa za usiku. Sisi sasa tumefanyaje? Kile kisicho na madhara tunakitukana kutwa, na chenye madhara tunakikodishia viti na turubai.

Nayajua maneno yenu, maana nayasikia kwenye foleni ya kliniki, kwenye daladala na kwenye vikoba. "Huo si mziki, ni makelele." "Ya zamani ilikuwa na ladha, hivi vitoto vya sasa vimeharibu." "Mziki wa wahuni." "Huo mwendo kasi utamtia mtoto wazimu." Haya, nitayajibu moja moja. Ukichoka nenda kapike, ukirudi utanikuta.

SEHEMU YA 2: Huo mziki "wa asili" unaoulilia, ni wa lini?

Tuanze na anayesema ya zamani ndiyo yenyewe. Mama, zamani ipi?

Wazaramo, wenyeji wa mji huu, walikuwa na mdundiko, ngoma inayotembea barabarani na watu wanaifuata nyuma. Ilikuwa ngozi na mikono. Halafu vijana wa uswahilini wakaokota kile kinanda kidogo cha Casio, ambacho wengine wangempa mtoto achezee, wakakipitisha kwenye amplifaya na spika za tarumbeta, wakaweka ngoma chini yake. Sauti ikawa inakwaruza. Badala ya kuona haya, wakaufanya mkwaruzo ndio ladha. Huo ndio mchiriku, wengine wakiuita mnanda.

Kundi la Jagwa Music lilitokea hapahapa Mwananyamala na kinanda chake hichohicho. Mwaka 2012 albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa na Crammed Discs, kampuni ya muziki ya Brussels, huko Ubelgiji. Kitu walichokiita makelele ya vibarazani kikawa kinanunuliwa na Wazungu.

Mchiriku nao haukukaa. Ikaingia kompyuta. Vijana wakachukua kipande kifupi cha taarabu, wakakikata, wakakirudia-rudia, wakaongeza mwendo mpaka kikawa kitu kingine kabisa. Juu yake akapanda mtu wa kuchana maneno bila kupumua. Ndiyo singeli. Ukiuliza ilizaliwa mtaa gani utapigwa: Manzese watasema kwao, Tandale kwao, Mbagala kwao. Mimi siingii hapo.

Sasa wewe shabiki wa dansi unayetikisa kichwa, ngoja na wewe nikufikie. Msondo unaoupenda umeitwa jina la ngoma ya wanawake, ngoma ya kumtoa mwari. Bendi yenyewe ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndipo ikatulia kwenye Msondo Ngoma. Mlimani Park nao, walioanza mwaka 1978, waliuita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Kizaramo, wakaupiga kwa magita ya umeme. Na Vijana Jazz ndio walioingiza kinanda na ngoma za umeme kwenye dansi letu, mwaka 1987. Kila unachokiita asili kilikuwa kipya siku moja, na kila siku hiyo palikuwa na mtu mzima kibarazani anasonya.

Kwa hiyo kijana akikaa na kompyuta akaichokonoa singeli mpaka ikatoka na sauti usiyoijua, hajakiuka mila. Mila yenyewe ndiyo hiyo.

SEHEMU YA 3: "Uhuni" ni neno la babu yako

Hili nataka mlisome taratibu.

Mwaka 1969, mjini Dar es Salaam, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku mziki wa soul. Ndiyo, ule wa Wamarekani weusi, ambao leo tukiupiga kwenye harusi tunasema ni mziki wa watu wazima wastaarabu. Sababu iliyotolewa ni ileile: unaharibu vijana, unaharibu mabinti. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na Operesheni Vijana, kampeni iliyowaandama wasichana wenye sketi fupi na wavulana wenye suruali za kubana.

Hesabu sasa. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1969, leo ni bibi au babu. Ndiye anayekushikia mtoto ukienda sokoni. Ndiye anayekuamsha swala ya alfajiri, au anayekukumbusha ibada ya Jumapili. Soul ilimharibu? Haikumharibu. Amelea, amezika, amesomesha. Na leo yeye huyohuyo anasema singeli itawaharibu wajukuu zake.

Simcheki bibi. Namheshimu na shikamoo nampa. Nasema tu kwamba hofu hii tumeirithi kama vile tunavyorithi masufuria, na hakuna aliyekaa akaangalia kama bado ina kitako.

SEHEMU YA 4: Niacheni nifurahi

Sasa niongee kama shabiki, maana nimejizuia vya kutosha.

Nyie mnaosema singeli zote ni moja, mmeisikiliza lini mara ya mwisho? Mwaka 2016 Man Fongo alipotoka na Hainaga Ushemeji, nchi nzima ikajua kuna kitu kinaitwa singeli. Msaga Sumu alikuwa keshaijenga mitaani muda mrefu, ndiyo maana wengi wanamwita mfalme. Ilikuwa tamu, ila ukweli usemwe, nyimbo nyingi za wakati ule zilisimama juu ya kipande kimoja kinachozunguka kama feni. Anayechana ndiye aliyebeba mzigo wote.

Halafu studio za mitaani zikaanza kufanya maajabu. Sisso na studio yake ya Mburahati, pembeni kabisa ya Manzese. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi za hapo ikatoa Sounds of Sisso. Mwaka 2019 Jay Mitta akaleta Tatizo Pesa, na Duke akaleta Uingizaji Hewa. Jamani, jina tu hilo! Mwaka 2022 DJ Travella, kijana mbichi kabisa, akatoa Mr Mixondo. Ukiisikiliza huwezi tena kusema singeli ni taarabu iliyokimbizwa. Kuna sauti kama za gemu za simu, kuna mahali mziki unakatika ghafla ukadhani umeme umeenda, kisha unarudi umebadilika rangi. Sisso na Maiko nao wakaja na Singeli ya Maajabu, kinanda kinakimbia juu ya mdundo kama mtoto aliyetoroka bafuni na povu lake.

Upande wa redioni nako kumechangamka. Rayvanny akamwita Dulla Makabila wakatoa Miss Buza, mtaa wetu ukaimbwa nchi nzima. Zuchu akatoa Nyumba Ndogo kwa mwendo wa singeli, sauti ya mwanamke ikakaa mahali ambapo tulizoea kusikia wanaume wakituongelea sisi. Hilo peke yake linatosha kunifanya nisimame.

Kinachonipa raha zaidi ni kwamba haya yote yametoka kwenye vyumba vya kupanga, kompyuta ya kuungaunga, feni juu na LUKU inayokata katikati ya kazi. Hawakusubiri mtu awape studio ya mamilioni. Huyo kijana wako anayeshinda kwenye kompyuta akigonga-gonga, unayemwita mvivu, anajifunza kupanga sauti, kuhesabu mapigo na kurudia kazi mara mia mpaka ikae. Sikudanganyi kwamba wote watatoboa. Wengi hawatatoboa, kama ilivyo kwenye mpira. Lakini kumvunjia kompyuta kwa sababu mziki wake hauuelewi, huko ni kumfundisha kwamba kitu kipya kikianza nyumbani kwenu kinapigwa nyundo.

SEHEMU YA 5: Sasa navaa sare

Swali ninaloulizwa sana: "Nesi, ule mwendo kasi si unaumiza ubongo wa mtoto?"

Hapana. Tuelewane vizuri hapa, maana ndipo penye roho ya mfululizo huu wote.

Singeli inapita midundo 200 kwa dakika, nyingine inakaribia 300. Ni kasi kweli. Moyo wa mtoto aliyeko tumboni unapiga mara 110 mpaka 160 kwa dakika, na tunaposikia hivyo kliniki tunafurahi, hatusemi mtoto ana kichaa. Sikio halidhuriwi kwa sababu midundo ni mingi. Linadhuriwa na nguvu ya sauti na muda uliokaa nayo. Singeli iliyopigwa taratibu kwenye simu ukiwa unaosha vyombo haimdhuru mtu. Kaswida, kwaya, Msondo au taarabu ikipigwa kwa sabufa nne mbele ya mtoto inamdhuru. Sikio halijui hii ni dini na hii ni ya wahuni.

Ndani ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono. Mle ndani zimo seli takriban 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno, ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa inazilaza kama mpunga uliopigwa na upepo. Ikiwa ni mara moja, kwa muda mfupi, huenda zikainuka. Zikishakufa haziotagi tena. Hakuna dawa ya duka la dawa, hakuna mafuta ya nazi, hakuna kitunguu. Zimeenda.

Sauti tunaipima kwa desibeli. Kipimo kinachotumika kwa wafanyakazi viwandani ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila inapopanda desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ikifika 100, ambayo spika za shughuli zinaifikia bila kutoa jasho, ni dakika 15. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye ajira yake. Kwa vifaa vya kusikilizia, Shirika la Afya Duniani linataka mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima. Sasa piga picha shughuli ya Jumamosi: spika zimepangwa kama ukuta, na wapi watoto wanakaa? Chini palepale mbele, kwa sababu ndipo wanapoona vizuri. Mwingine amelazwa mgongoni kwa mama yake, miezi mitatu, na mama anacheza mbele ya sabufa. Mnaniambia amelala? Kulala hakuzibi masikio.

Athari yake haionekani kesho yake asubuhi, ndiyo maana tunaidharau. Inaonekana mtoto anapochelewa kuongea. Inaonekana akiwa darasa la pili, amekaa nyuma, mwalimu anasema. Kiswahili chetu kina neno moja tu hapo: "huyu mtoto hasikii." Tunamaanisha mtundu. Anachapwa. Na kumbe kweli hasikii.

Na usingizi je? Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 mpaka 16 za kulala kwa siku. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 mpaka 14. Wa miaka 3 na 4, saa 10 mpaka 13. Kigodoro kikipigwa mpaka alfajiri nyumba ya tatu, nani kamlipa huyo mtoto usingizi wake?

SEHEMU YA 6: "Na yale matusi?"

Nilijua mtafika hapa. Haya.

Nyimbo zenye matusi zipo, sizitetei, na nyumbani kwangu sizipigi mbele ya watoto. Lakini tuache unafiki. Taarabu ya mipasho ilikuwa inamvua mtu nguo hadharani na sisi tunatunza hela. Nyimbo za unyagoni mnazijua wenyewe, kuna mtu anataka nizitaje hapa? Hakuna. Tulichofanya wakati wote ni kuchagua nani asikie nini na wapi. Nyimbo za mkole hazikuimbwa mbele ya mtoto wa miaka minne.

Kazi hiyo ya kuchagua ni ya mzazi, na haijahamishwa. Mwimbaji anayeimba ujinga tumkatae yeye na wimbo wake, tusikatae mdundo wote. Ukimkuta muuza samaki mmoja anauza waliooza Feri, hutangazi kwamba bahari imeharibika.

Tena nitawaambia kitu. Mama anayejua nyimbo za mwanawe ana nafasi ya kusema, "huu hapana, ule sawa," na akasikilizwa. Mama anayesema zote ni takataka, mtoto anavaa hedifoni, anaongeza sauti mpaka mwisho, na hapo umepoteza mara mbili. Maneno humo ndani huyajui, na masikio nayo yanaungua.

SEHEMU YA 7: Tufanyeje sasa

Sitaki mfululizo huu uishie kwenye kupenda na kusambaza. Nataka shughuli ijayo hapo mtaani kwenu iwe tofauti. Mambo ni haya:

Moja. Kabla hamjamlipa DJ kishika uzumba, ongeeni naye. Spika zisielekezwe walipo watoto, wala dirisha la mzazi aliyejifungua juzi. Mwambieni mapema, akishaanza hasikii mtu.

Mbili. Watoto wakae upande wa wapishi, mbali na spika. Kila hatua unayomsogeza mbali sauti inapungua. Mtoto mchanga asifike kabisa mbele ya sabufa, hata kwa wimbo mmoja wa kumtunza bibi harusi. Mwachie mtu nyumbani, uende, utunze, urudi.

Tatu. Kipimo huna, lakini mkono unao. Mtu akiwa umbali wa urefu wa mkono wako na unalazimika kumpigia kelele ndipo akusikie, hapo sauti imeshakuwa kubwa mno. Ukirudi nyumbani masikio yanalia "nziii", hiyo ni taarifa kutoka ndani. Pamba ya kawaida haisaidii kitu cha maana, msijidanganye.

Nne. Saa. Shughuli ya mchana inanoga vilevile. Kama kuna mtaa unageuzwa ukumbi kila wiki mpaka alfajiri, nendeni serikali ya mtaa mkiwa kumi, msiende mmoja. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015 na NEMC ndio wasimamizi wake. Mkifika mseme sauti na saa. Msiseme "singeli", maana hapo mtajibiwa kwamba mnawaonea vijana, na itakuwa kweli.

Tano. Mtoto anayekuitikia polepole, anayeongeza sauti ya tivii kila mara, anayekutazama mdomo ukiongea, au amefika miaka miwili na maneno hayaji, mlete kituo cha afya aangaliwe masikio. Inaweza kuwa nta tu, inaweza kuwa usaha wa sikio ambao una tiba. Mlete kabla hujamchapa.

Sita, na hii ni ya shabiki. Leo jioni mwombe kijana wako akupigie singeli moja anayoipenda, iliyotoka karibuni. Sauti ya kawaida, mmekaa. Muulize hiki kipande kimetoka wapi, hiki kimetengenezwaje. Usicheke. Utashangaa mtoto asiyejibu swali la hesabu anavyokueleza kwa dakika kumi mfululizo. Na labda mahali fulani ndani ya ule mkimbio utakutana na kinanda cha taarabu uliyochezea kwenye harusi yako mwenyewe, kimekatwa vipande, kimegeuzwa na kinaishi.

Nimemaliza. Anayetaka kubishana nami kuhusu mziki aje, nipo tayari mpaka asubuhi. Kuhusu masikio ya watoto sina mjadala: punguzeni sauti.